Kukoroma, Kukwaruza na Kupasuka: Historia ya Mlio wa Gitaa la Umeme katika Nyanda za Juu Kusini

I. Utangulizi

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa orodha za Tafsiri Sanifu. Maneno yaliyoshughulikiwa kwanza yalikuwa yale ambayo taifa changa liliyahitaji zaidi: ya utawala, ya elimu, ya sayansi na ya kazi za ofisini. Hapana mtu anayeweza kulaumu mpango huo. Lakini matokeo yake ni kwamba fani nyingine ziliachwa zijitafutie maneno zenyewe, na mojawapo ni muziki wa dansi. Wapiga magitaa na mafundi wa mitambo yao waliyatafuta maneno hayo, wakayapata, wakayatumia katika kumbi na karakana bila ya kumwomba mtu idhini.

Makala haya yanakusudia kuchunguza sehemu ndogo ya msamiati huo, yaani maneno ya kuutaja mlio wa gitaa la umeme, kwa kutazama zaidi Iringa na Mbeya. Sababu ya kuchagua sehemu hiyo ni ya leo. Vijana wanaopiga muziki katika miji hiyo wanajaribu kuurudisha mlio wa magitaa ya zamani. Wengine wanautaka ule wa roki ya Uingereza na Marekani ya miaka ya 1960 na 1970, wengine ule wa dansi yetu ya miaka ya 1980. Wanakopa fedha, wanaagiza magitaa kutoka mbali, na mara nyingi wanarudi nyumbani na mlio usiokuwa waliouomba. Hoja yangu ni kwamba kosa aghalabu haliko katika gitaa. Mlio usiotajika hauagiziki, wala hautengenezeki. Na maneno ya kuutaja yamekuwapo siku zote, ila tumeacha kuyasikiliza.

II. Kutoka ligombo hadi galatoni

Chombo cha nyuzi si kitu kigeni katika Nyanda za Juu Kusini. Wahehe wana ligombo, ambalo nyuzi zake hutandazwa juu ya ubao uliochongwa kama hori, na sauti yake hukuzwa kwa kibuyu. Majirani zao wa kaskazini, Wagogo, wana ilimba, ambayo sanduku lake hutobolewa tundu, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mtetemo wa ziada, kama mlio wa nyuki. Msomaji aukumbuke utando huo, maana tutaurudia. Unatuonyesha kwamba wazee wetu hawakuwa wakitafuta sauti safi peke yake. Walijua kuiongezea sauti ukwaru wa makusudi, na walijua mahali pa kuuweka.

Pwani nako maneno ya vyombo yalikuwa yakihamahama. Kinanda, ambacho hapo kale kilikuwa chombo cha nyuzi cha kupigwa kwa vidole, kilihamia kwenye kinanda cha kanisani na hata kwenye gramafoni. Gitaa lilipokuja likaja na jina lake la Kizungu, likapewa irabu ya mwisho, likatulia. Hapana ajabu katika hilo. Jina la Iringa lenyewe latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, ambalo wageni walilitamka kadiri ya ndimi zao, nasi tumelipokea.

Neno lililo na historia ndefu zaidi ni galatoni. Kwa wapiga muziki wengi wa Tanzania, galatoni ni gitaa lisilotumia umeme, ambalo pia huitwa gitaa kavu. Asili yake ni Gallotone, jina la biashara la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza santuri na magitaa ya bei nafuu. Magitaa hayo yalifika mbali: John Lennon wa Liverpool, kabla ya kuwako The Beatles, alikuwa akipiga Gallotone Champion iliyotengenezwa Durban, na ndiyo aliyokuwa nayo mwaka 1957. Kwetu sisi njia ya kusini ilipita Mbeya. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961, vijana wa Rungwe na wilaya za jirani walikwenda kwa wingi katika migodi ya Ukanda wa Shaba na ya Afrika Kusini, na waliporudi walileta nguo, baiskeli, gramafoni na magitaa. Jina la biashara likageuka kuwa jina la aina nzima ya chombo. Hivyo ndivyo istilahi huzaliwa: mtu hushika kitu mkononi kwanza, kisha hukiita.

III. Kosa lililogeuka kuwa pambo

Gitaa la umeme ni jambo jingine kabisa. Katika galatoni mlio hutoka kwenye mbao. Katika gitaa la umeme nyuzi za chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana. Umeme huo hupita katika waya, huingia katika amplifaya, hukuzwa, kisha huisukuma karatasi ya spika. Kwa hiyo mlio unaousikia ukumbini ni kazi ya mnyororo mzima: nyuzi, sumaku, amplifaya, spika, na hata kuta za ukumbi wenyewe. Anayenunua gitaa peke yake amenunua pete moja ya mnyororo.

Amplifaya za kwanza zilitumia valvu, zile taa za kioo ambazo wazee wanazikumbuka ndani ya redio kubwa. Valvu ikiombwa nguvu kuliko uwezo wake, haikatai ghafla. Huvibana vilele vya wimbi la sauti taratibu. Transista, iliyofuata baadaye, huvikata vilele hivyo kama kwa panga. Katika hali zote mbili huzaliwa sauti ambazo mpigaji hakuzipiga. Uzi wa tano, ambao mtikisiko wake ni mara 110 kwa sekunde, huanza kutoa kwa nguvu zaidi sauti za 220, 330, 440 na kuendelea. Wahandisi wa mwanzo walilihesabu jambo hili kuwa kosa, nao walifanya kila juhudi kuliondoa.

Wanamuziki wakalipenda kosa hilo. Katika studio moja ya Nashville, Marekani, mtambo wa kurekodia ulioharibika uliutia ukwaru mlio wa gitaa katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961. Mwaka 1962 kikatokea kisanduku cha Maestro Fuzz-Tone, kilichotengenezwa makusudi ili kutoa ukwaru kama ule. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks, London, aliichana kwa wembe karatasi ya spika yake ndogo, na mlio uliotoka ukasikika dunia nzima. Mwaka 1965 The Rolling Stones walikitumia kile kisanduku katika wimbo uliowapa umaarufu mkubwa, na amplifaya za Jim Marshall, zilizoanza kuundwa dukani kwake London miaka michache kabla, zikawa ndizo zinazotamaniwa na kila mpiga roki.

Hebu tuyatazame mambo hayo kwa jicho la mtaalamu wa istilahi. Kule Nashville kilichoharibika kilikuwa mtambo wa kurekodia. Kwa Davies ilikuwa karatasi ya spika. Kwa wapigaji wa Marshall ilikuwa amplifaya iliyofikishwa ukomo wa nguvu zake. Ni mahali patatu tofauti, na milio yake ni mitatu tofauti. Hata hivyo kijana wa leo huiita yote kwa neno moja la mkopo, distoshini. Hapo ndipo anapopotea.

IV. Mlio safi wa Iringa

Tukija kwetu, tunakuta historia iliyoelekea upande mwingine. TANCUT ilikuwa kampuni ya umma ya kukata almasi, yenye kiwanda mjini Iringa. Katika miaka ya 1980 iliunda bendi, TANCUT Almasi Orchestra, na mji wa Iringa ukapata sauti iliyosikika nchi nzima kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kati ya waimbaji wake walikuwamo ndugu pacha wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na wimbo wao Nimemkaribisha Nyoka unakumbukwa hadi leo. Haikuwa ajabu kwa kiwanda kuwa na bendi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na katika uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, mtu binafsi hakuweza kwa urahisi kuagiza gitaa au amplifaya kutoka nje. Jumuiya na mashirika ya umma ndiyo yaliyokuwa na uwezo huo, na kwa sababu hiyo bendi nyingi zilikuwa chini yao.

Mlio wa bendi hizo haukuwa wa roki. Ulikuwa safi, mwembamba, wenye kung'aa, na mara nyingi wenye mwangwi. Wengine hudhani kwamba hilo lilitokana na umaskini wa vyombo. Sikubaliani nao. Muziki wa dansi umejengwa juu ya magitaa kadhaa yanayosukana: solo mbele, gitaa la kati likiijibu, ridhimu ikishikilia, na chini ya yote gitaa zito la besi. Solo hupenda kwenda kwa noti mbili mbili zilizokaribiana. Tukitia ukwaru katika noti mbili kama hizo, moja ya mitikisiko 110 na nyingine ya takriban 139 kwa sekunde, huzaliwa kati yao mtikisiko wa 29, ambao haupatani na yoyote kati ya hizo mbili, na sauti yote huchafuka. Mpiga roki huliepuka jambo hili kwa kupiga noti za 110 na 165, ambazo tofauti yake ni 55, nusu kamili ya noti ya chini. Kwa hiyo ukwaru wake unakuja na mpangilio. Kila muziki, basi, ulichagua mlio ulioufaa. Mpigaji wa Iringa aliyeishusha amplifaya yake kidogo ili isiharibu msuko wa magitaa alikuwa akifanya uamuzi wa kisanii.

Mbeya nayo imekaa mahali pa pekee. Reli ya TAZARA, ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilifunguliwa mwaka 1976, nayo hupita hapo. Upande wa pili wa mpaka, katika Zambia ya miaka hiyohiyo, makundi kama WITCH, Amanaz na Musi-O-Tunya yalikuwa yakipiga roki yenye ukwaru mzito, ambayo leo inajulikana kwa jina la Zamrock. Mji huo, kwa hiyo, upo pale ambapo milio miwili inapakana: dansi kutoka upande wa bandari, na roki kutoka upande wa migodi. Kama kuna mahali Tanzania ambapo mtu anahitaji maneno ya kuitenganisha milio hiyo, ni hapo.

V. Maneno matatu ya karakana

Sasa nitaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilinunua amplifaya ya valvu iliyokuwa mali ya bendi iliyovunjika. Ilikuwa nzito, na ngozi yake ya nje ilikuwa imechanika, lakini ilipopandishwa kidogo kupita nusu ilitoa mlio ule ambao nilikuwa nikiusikia ukumbini nilipokuwa kijana. Siku moja ilianza kutoa kelele katika noti nzito. Nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia, "Sauti inapasuka, naomba uitengeneze." Fundi yule alikuwa mwaminifu. Alisikia neno langu, akalitendea kazi. Alitoa valvu zote, akaweka ubao wa transista wenye nguvu zaidi, na spika mpya juu yake. Nilipoiwasha ilikuwa safi kama redio ya dukani. Mlio niliokuwa nimeununua haukuwamo tena, na valvu zilikuwa zimekwisha kutupwa.

Kwa muda mrefu nilimlaumu fundi. Baadaye nilimsimulia kisa hiki mzee mmoja anayetengeneza redio na spika sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Ilikuwa inapasuka, au inakoroma?" Nilimjibu kwamba sikuona tofauti. Akasema, "Basi kosa lako, mwanangu. Ulimtuma dawa ya jicho, nawe unaumwa sikio."

Kisha akanifundisha, kwa kutumia spika zilizokuwa juu ya meza yake. Kukwaruza, alisema, ni kelele ya vitu viwili vinavyogusana visivyopasa kugusana. Swichi ya sauti iliyoingia vumbi hukwaruza unapoizungusha, hata kama hakuna anayepiga. Koili ya spika iliyopinda nayo hukwaruza; unaweza kuisikia kwa kuisukuma karatasi polepole kwa vidole, bila ya umeme wowote. Kukoroma ni kwa karatasi ya spika yenyewe, iliyochanika au kubanduka ukingoni. Spika inayokoroma hukoroma hata sauti ikiwa ndogo, hasa katika noti nzito, kama mtu aliyelala chali. Kupasuka ni kwa amplifaya iliyoombwa zaidi ya ilicho nacho. Ukipunguza sauti, kupasuka huondoka, ukiongeza, hurudi.

Amplifaya yangu ilikuwa inakoroma. Ilihitaji karatasi ya spika tu, au gundi na kiraka. Kupasuka kwake kulikuwa ndiko uzuri wake, na mimi kwa kinywa changu mwenyewe niliagiza kuondolewe.

Msomaji ataona kwamba maneno hayo matatu ni zaidi ya maelezo ya sauti. Kila moja linaonyesha mahali: swichi au koili, karatasi, amplifaya. Kwa kipimo hicho Davies wa London alikuwa na spika inayokoroma, na mpigaji wa Marshall alikuwa na amplifaya inayopasuka. Kijana wa Mbeya anayeutaka mlio wa pili hana haja ya kuichana spika yake, na anayeutaka wa kwanza atapoteza fedha zake akinunua amplifaya kubwa. Utando wa buibui wa ilimba nao unapata nafasi yake hapa: ni mkoromo uliowekwa makusudi, na kwa mahali pake unakaribiana zaidi na wembe wa Davies kuliko na valvu za Marshall.

VI. Mapendekezo

Hatari iliyopo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kuliacha neno distoshini liyafunike yote. Ya pili, ambayo inatuhusu zaidi sisi wapenzi wa lugha, ni kuketi mezani na kuunda neno moja la Kiswahili, tuseme mvurugo wa sauti, na kulitangaza kuwa ndilo sanifu. Neno hilo lingekuwa la Kiswahili kwa sura, lakini lingekuwa maskini kuliko lugha ya mafundi ambayo lingekuja kuiondoa. Kusanifu kwa namna hiyo ni kupunguza.

Kwa hiyo napendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, mkoromo, mkwaruzo na mpasuko yakubaliwe kuwa istilahi tatu zilizo mbalimbali, kila moja kwa maana yake ya karakana. Neno ukwaru libaki kuwa jina la jumla pale mtu asipotaka kutaja mahali. Pili, galatoni lihifadhiwe kwa gitaa lisilo la umeme, kwa kuwa lina historia na lina watumiaji. Tatu, ile sehemu ya sumaku na waya iliyo chini ya nyuzi isiitwe pikapu, madhali pikapu ni gari na litaendelea kuwa gari. Kinasa mlio chatosha, na kinaeleweka mara moja. Nne, litatuliwe tatizo la kipaza sauti, neno ambalo katika kamusi zetu na vinywani mwetu humaanisha kitu cha kusemea na pia kitu cha kutolea sauti, yaani ncha mbili zinazokabiliana za mnyororo mmoja. Wanamuziki wamekwisha kuamua: cha kusemea ni maiki, cha kutolea sauti ni spika. Sioni sababu ya kubishana nao.

Tano, mwangwi utenganishwe na mvumo. Mwangwi ni sauti inayorudi peke yake baada ya kitambo, kama ile airudishiwayo mtu anayeita akielekea kwenye miamba. Watu wa Iringa hawahitaji kufundishwa hilo, maana juu ya mji wao liko Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Mvumo ni sauti nyingi zinazorudi kwa pamoja mpaka hazitengeki, kama ndani ya kanisa kubwa lililo tupu. Kuna visanduku vya kuongezea mwangwi na visanduku vya kuongezea mvumo, navyo bei zake si moja. Mnunuzi anastahili kujua anachokiomba.

VII. Hitimisho

Mafundi waliozitengeneza amplifaya za valvu katika miji yetu wamezeeka, na wengi wamekwisha kutangulia. Kanda za Radio Tanzania zimehifadhi nyimbo zilizopigwa kwa vyombo hivyo, lakini ukanda hauwezi kueleza ni karatasi ipi iliyokuwa ikitetemeka, wala swichi ilisimama wapi. Maelezo hayo yamo katika vitenzi vya watu wachache wanaokaa nyuma ya meza zenye harufu ya risasi ya kuchomelea, na wao hawaandiki. Kazi ya kukusanya maneno haihitaji mtambo wowote. Inahitaji mtu aende na daftari, akae, aulize, na asiwe na haraka ya kusahihisha.

Mzee wa Mwanjelwa aliponiaga alinipa karatasi ya spika isiyotumika, iliyochanika upande mmoja, nikafanyie mazoezi ya sikio. Ninayo hadi leo. Ukiipuliza pale kwenye mpasuo, inakoroma.